Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Upasuaji wa Matundu Madogo na Mwanamke wa Mahege

Miongoni mwa maneno yaliyoingia kwa kishindo katika habari za afya nchini mwetu ni "upasuaji wa matundu madogo". Hospitali ikipata mitambo hiyo, taarifa hutolewa kwa umma, wanahabari huitwa, utepe hukatwa, na mgonjwa wa kwanza huonyeshwa akitembea siku ya pili. Sina ugomvi na furaha hiyo. Hoja yangu ni moja: ukubwa wa jeraha la mwanamke haupimwi kwa rula juu ya ngozi ya tumbo lake. Hupimwa kuanzia mlangoni kwake hadi siku anaporejea shambani akiwa mzima, na baada ya hapo hupimwa kwa miaka atakayoishi. Tukiupima hivyo, tutaona kwamba tafiti za karibuni kuhusu upasuaji wa magonjwa ya wanawake zinasema mambo ambayo hatuyasikii katika hafla za uzinduzi.

Niseme mapema kwamba udaktari wangu ni wa vitabu, si wa hospitali. Lakini kwetu Mahege, wilayani Kibiti, tofauti hiyo haina maana kubwa. Nikifika likizo huitwa "dokta", na jua halijapinduka nimekwisha kuletewa bahasha za vipimo nizisome. Nyingi ni za wanawake: damu isiyokatika, uvimbe katika kizazi, maumivu ya kiuno na kinena, kizazi kilichoshuka baada ya uzazi mwingi. Sitoi dawa. Husoma, hufafanua Kiingereza cha hospitali, kisha humwelekeza mhusika kwa mganga. Likizo iliyopita mama mmoja, ambaye kiukoo ni shangazi yangu, alinisikiliza hadi mwisho nikimweleza maana ya karatasi yake, halafu akauliza jambo moja tu: "Baba, wakinipasua, nitashika jembe lini?"

Nawaomba wasomaji, hasa watumishi wa umma mnaopanga bajeti za halmashauri, mlichukue swali hilo kwa uzito wake. Ndilo swali ambalo utafiti wote wa upasuaji huu ulianza nalo, japo kwa maneno mengine.

Swali la jembe

Bonde la Rufiji linaishi kwa kalenda ya maji. Kuna mpunga wa masika, na kuna mlau, yaani kilimo kinachofuata maji ya mafuriko yanapopungua na kuacha unyevu ardhini. Mpunga ukianza kuzaa, mtu huhamia shambani na kulala katika dungu, kwa sababu mchana kuna ndege na usiku kuna nguruwe. Kazi hii kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Mwanamke aliyefunguliwa tumbo huambiwa asinyanyue kitu kizito kwa takriban wiki sita. Ndoo ya maji ni kitu kizito. Mtoto wa mgongoni ni kitu kizito. Zikiangukia wakati wa kupanda au kuamia ndege, wiki sita hizo zinaweza kumpotezea chakula cha mwaka mzima.

Mtumishi wa ofisini ana likizo ya ugonjwa na mshahara wake unaendelea kuingia. Mkulima wa mpunga ana mvua, nayo haimngoji. Kwa hiyo napingana moja kwa moja na wale wanaosema kwamba upasuaji wa jeraha dogo ni anasa ya watu wa mjini. Anayeuhitaji zaidi ni yule asiyekuwa na siku ya kupumzika. Kama kuna mwanamke wa kupewa kipaumbele katika tiba inayomrudisha mtu kazini haraka, basi ni yule wa Mahege, wa Ruaruke na wa Mbuchi.

Swali linalofuata ni hili: tiba hiyo ni ipi hasa?

Ilikotoka

Wengi hawajui kwamba upasuaji wa matundu madogo ulikuzwa zaidi na madaktari wa magonjwa ya wanawake kuliko madaktari wa upasuaji wa kawaida. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Sweden alieleza jinsi ya kuchungulia ndani ya tumbo la mwanadamu kwa bomba lenye taa. Katika miaka ya 1940 Raoul Palmer, jijini Paris, aliitumia njia hiyo kuchunguza wanawake waliokosa uzazi. Mwaka 1980 Kurt Semm, daktari wa wanawake katika mji wa Kiel nchini Ujerumani, aliondoa kidole tumbo kwa njia hiyo, na wakubwa wa taaluma ya upasuaji nchini mwake wakataka afungiwe kufanya kazi. Mwaka 1988 Harry Reich wa Marekani aliondoa kizazi kwa matundu madogo. Leo utaratibu huo unafanyika pia Muhimbili, KCMC mjini Moshi, na katika hospitali nyingine kubwa za ukanda wetu.

Namna yake ni hii. Mgonjwa hulazwa usingizi kamili. Tundu la sentimita moja hivi hutobolewa kitovuni, tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili kuta zake zinyanyuke, kamera huingizwa, na vifaa virefu vyembamba hupitishwa katika matundu mengine mawili au matatu. Daktari hutazama skrini huku mikono yake ikifanya kazi nje ya tumbo.

Faida zake si propaganda. Uchambuzi wa Cochrane, unaokusanya majaribio mengi na kuyapima kwa pamoja, uliohuishwa mwaka 2015 na tena mwaka 2023, umeonyesha kwamba wanawake walioondolewa kizazi kwa matundu madogo kwa ajili ya magonjwa yasiyo saratani walirudi katika shughuli zao siku zaidi ya kumi mapema kuliko waliofunguliwa tumbo. Homa baada ya upasuaji ilipungua, na vidonda vilivyooza vilipungua. Lakini uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba operesheni yenyewe huchukua muda mrefu zaidi.

Hadi hapo hadithi ni nzuri. Sasa tuitazame sehemu isiyosimuliwa.

Tundu dogo lililoficha hatari kubwa

Fibroidi ni uvimbe unaowasumbua wanawake weusi kuliko wengine wote, na mara nyingi huwa mkubwa. Uvimbe wa ukubwa wa nazi hauwezi kupita katika tundu la sentimita moja. Watengenezaji wa vifaa walipata suluhisho: mashine ya kuusaga ndani kwa ndani na kuutoa vipande vipande. Ilisifiwa na kuenea. Mwaka 2013 daktari mmoja wa Marekani, Amy Reed, aliondolewa kizazi kwa njia hiyo katika jiji la Boston. Uvimbe uliosagwa ukagundulika kuwa na saratani ambayo haikutambuliwa kabla, na mashine ilikuwa imeitawanya tumboni. Yeye na mumewe, naye daktari, walipiga kelele hadharani. Mwezi Aprili 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari, ikikadiria kwamba mwanamke mmoja katika kila 350 wanaofanyiwa upasuaji kwa ajili ya fibroidi huwa na saratani ya kizazi iliyojificha. Amy Reed alifariki mwaka 2017.

Jambo la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linahusu saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wa Tanzania miongoni mwa saratani zote. Kwa miaka zaidi ya kumi madaktari wa nchi tajiri waliamini kwamba saratani hiyo ikigundulika mapema, ni bora kuiondoa kwa matundu madogo au kwa roboti. Jeraha lilikuwa dogo, damu kidogo, na siku za kulazwa chache. Nani angepinga? Kisha Pedro Ramirez na wenzake walifanya jambo ambalo lingepaswa kufanywa mwanzoni. Waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake 631 katika vituo 33, baadhi wafanyiwe kwa matundu madogo na wengine wafunguliwe tumbo, kisha wakawafuatilia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Baada ya miaka minne na nusu, waliofunguliwa tumbo na kuendelea kuishi bila saratani kurudi walikuwa asilimia 96.5. Waliofanyiwa kwa matundu madogo walikuwa asilimia 86. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Uchambuzi wa pili, wa Alexander Melamed na wenzake, ulitazama kumbukumbu za wanawake 2,461 nchini Marekani: vifo ndani ya miaka minne vilikuwa asilimia 9.1 kwa matundu madogo na asilimia 5.3 kwa waliofunguliwa. Ripoti ya mwisho ya utafiti wa Ramirez, iliyotoka mwaka 2024, haikubadilisha hukumu.

Wahenga wa pwani walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Wanawake hao walikuwa na makovu madogo na mazuri. Walitoka hospitali mapema, wakapiga picha wakitabasamu, na bila shaka kila mmoja aliuona upasuaji wake kuwa umefaulu. Kilichofichua ukweli hakikuwa macho ya daktari wala shukrani ya mgonjwa. Ilikuwa ni rejista, subira na hesabu.

Sitaki msomaji aondoke hapa akidhani kwamba sayansi imeamuru tumbo lifunguliwe daima. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti mwingine, wa Marie Plante na wenzake, uliohusisha wanawake 700 wenye saratani changa sana ya mlango wa kizazi. Nusu waliondolewa kizazi pamoja na nyama nyingi zinazokizunguka, kama ilivyo desturi. Nusu waliondolewa kizazi pekee. Baada ya miaka mitatu, saratani ilikuwa imerudi katika nyonga kwa asilimia 2.17 ya kundi la kwanza na asilimia 2.52 ya kundi la pili. Tofauti hiyo haina uzito, na waliokatwa kidogo walipata matatizo machache zaidi ya mkojo. Hapa tunajifunza maana nyingine ya upasuaji mdogo: udogo wa kile kinachoondolewa ndani unaweza kuwa na maana kuliko udogo wa tundu la nje.

Njia isiyohitaji mtambo

Nimeutaja uchambuzi wa Cochrane. Nimeacha kwa makusudi hitimisho lake la kwanza, kwa sababu ndilo kiini cha makala haya. Uchambuzi huo ulipolinganisha njia zote za kuondoa kizazi kwa magonjwa yasiyo saratani, ulisema mwaka 2015 kwamba pale inapowezekana, njia ya kuchaguliwa kwanza ni ile ya uke. Haiachi kovu lolote tumboni. Mgonjwa hupona haraka, na inaweza kufanyika kwa ganzi ya mgongo badala ya usingizi kamili. Haihitaji kamera, gesi wala skrini. Inahitaji taa nzuri, vifaa vya kawaida vya upasuaji, na mikono iliyofundishwa.

Si jambo jipya. Conrad Langenbeck aliifanya huko Göttingen mwaka 1813, na wenzake wakamwita muongo mpaka mgonjwa wake alipofariki miaka 26 baadaye na mwili wake kuchunguzwa. Lakini wataalamu wapya wanafundishwa njia hii kwa uchache kila mwaka, hata katika nchi tajiri. Sababu mojawapo naiona ya kisiasa zaidi kuliko ya kitabibu: hakuna kampuni inayouza mikono. Mtambo una wakala, brosha, semina katika hoteli na utepe wa kukatwa. Ujuzi wa mikono hauna msemaji.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Ulaya yenyewe imeanza kurudi kwenye njia hiyo. Nchini Ubelgiji, Jan Baekelandt na wenzake walichapisha mwaka 2019 jaribio la wanawake 70, nusu wakiondolewa kizazi kwa kupitisha kamera ukeni na nusu kwa matundu ya tumboni. Walioweza kuruhusiwa ndani ya saa 12 walikuwa asilimia 77 katika kundi la kwanza na asilimia 43 katika la pili. Nchini India nako, madaktari wa hospitali za vijijini wameendeleza matundu madogo yasiyotumia gesi, ambapo ukuta wa tumbo hunyanyuliwa kwa chuma na mgonjwa hupewa ganzi ya mgongo.

Najua nitakachoambiwa: kwamba nataka maskini wabaki na tiba ya zamani huku wenye fedha wakifurahia ya kisasa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama tiba ya zamani ingekuwa duni. Ushahidi unasema kinyume. Zipo hali ambazo njia ya uke haifai, kama uvimbe mkubwa mno au mshikamano wa viungo ndani ya tumbo, na hapo mtambo una kazi yake halali. Lakini mwanamke ambaye kizazi chake kimeshuka, na wako wengi katika vijiji vyetu wanaoishi na aibu hiyo kwa miaka, hana haja ya kusubiri mtambo ufike Kibiti. Anamsubiri mtu.

Ujuzi una historia kwetu

Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo, mganga wa Kiafrika akimpasua mjamzito na kumtoa mtoto. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikaoshea mikono na tumbo. Mishipa iliyovuja ilichomwa kwa chuma cha moto. Jeraha lilifungwa kwa pini za chuma. Felkin aliondoka siku ya kumi na moja akiwaacha mama na mtoto wazima, na akaiandika habari hiyo katika jarida la tiba la Edinburgh mwaka 1884. Simtaji mganga yule ili tujisifu. Namtaja kwa kuwa mafanikio yake yalitokana na mafunzo ya muda mrefu na utaratibu uliorudiwa mpaka ukakaa mikononi.

Upande wa pili wa ukweli huo unauma. Mwaka 2014 Thomas Raassen, Carrie Ngongo na Marietta Mahendeka walichapisha uchambuzi wa wanawake 5,959 waliofanyiwa upasuaji wa fistula kwa kipindi cha miaka 18 katika nchi 11, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Wanawake 805 kati yao hawakuumizwa na uchungu wa muda mrefu kama tunavyofikiri. Waliumizwa na upasuaji wenyewe, na wanne kati ya watano katika hao ilikuwa ni upasuaji wa matatizo ya uzazi. Mtu alikata au kufunga pale asipopaswa, na mwanamke akatoka na kovu safi huku mkojo ukimvuja.

Sikusudii kuwalaumu waliofanya upasuaji huo. Wengi hufanya kazi usiku, peke yao, bila msimamizi, na kwa kila anayeumizwa wapo wengi wanaookolewa. Ninachosema ni kwamba mwanamke aliyewekewa mtambo wa kisasa mikononi mwa mtu asiyefundishwa vya kutosha hajapunguziwa jeraha.

Jeraha la njiani

Tume ya Lancet kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza mwaka 2015 kwamba angalau asilimia 80 ya watu waishi mahali ambapo wanaweza kufika ndani ya saa mbili katika hospitali yenye uwezo wa upasuaji wa msingi. Tanzania ikazindua mpango wake wa kitaifa wa upasuaji, uzazi na usingizi mwaka 2018, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika.

Sasa chukua ramani ya Kibiti. Sehemu ya wilaya iko kando ya barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara, na wa huko angalau ana basi. Sehemu nyingine ni delta: Kiongoroni, Maparoni, Msala, Mbuchi, na visiwa vya mikoko ambako safari huanza kwa mtumbwi na hungoja maji yajae. Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Katika hali kama hiyo, mwanamke ambaye mimba yake imetungwa nje ya kizazi na kupasua mrija hahitaji kujua kama hospitali ya rufaa ina kamera. Anahitaji boti yenye mafuta, damu ya kuongezewa, na mtu wa karibu anayeweza kufungua tumbo sasa hivi.

Na hata kwa ugonjwa usio wa dharura, hesabu ifanywe kwa uaminifu. Mgonjwa anayepewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam huambiwa kwamba atalazwa siku mbili tu. Haambiwi kwamba atakwenda mara ya kwanza kuandikishwa, mara ya pili kupimwa, mara ya tatu kupasuliwa, na mara ya nne kukaguliwa. Kila mara kuna nauli ya wawili, kwa kuwa hakuna mwanamke wa kwetu anayekwenda hospitali peke yake, na kuna siku za kulala kwa jamaa huko Mbagala, ambako mgeni wa muda mrefu ni mzigo. Tundu la sentimita moja linaweza kugharimu msimu mzima.

Tundu dogo kuliko yote

Kama kweli tunapenda matundu madogo, basi dogo kuliko yote ni la sindano.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani hukadiria kwamba kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania hupata saratani ya mlango wa kizazi, na zaidi ya 6,000 hufa. Wengi hufika Ocean Road wakiwa wamechelewa, wakati ambapo hakuna upasuaji, uwe wa tundu dogo au kubwa, unaoweza kuwaponya. Chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilihamia kwenye dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Uamuzi wa dozi moja ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka kwetu. Jijini Mwanza, utafiti uliojulikana kama DoRIS uliwahusisha wasichana 930. Nchini Kenya, utafiti wa KEN SHE uliwahusisha wanawake vijana 2,275 na kuonyesha kwamba dozi moja inakinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili hatari zaidi za virusi hivyo. Tafiti hizo za Afrika Mashariki zilichangia kubadilisha mwongozo wa dunia nzima. Kwa aliyekwisha kupita umri wa chanjo, kuna uchunguzi wa kupaka siki katika mlango wa kizazi, na kuchoma kwa joto mabadiliko yanayoonekana, siku hiyohiyo, katika kituo cha afya, bila kukata popote.

Wanafunzi wangu huniuliza kama Afrika inaweza kuzalisha maarifa yanayoongoza sera. Wasiende mbali. Rufiji yenyewe, wakati Kibiti ikiwa bado sehemu yake, ilikuwa moja ya wilaya mbili za mradi wa TEHIP, uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na kituo cha utafiti cha Kanada kuanzia miaka ya 1990, wilaya nyingine ikiwa Morogoro Vijijini. Mradi ulihesabu magonjwa yanayoua watu kwa kweli, kijiji kwa kijiji, kisha ukawapa waganga wakuu wa wilaya zana za kuelekeza bajeti kwenye magonjwa hayo. Nyongeza ya fedha ilikuwa isiyozidi dola 2 za Marekani kwa mkazi kwa mwaka. Vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Fedha zilifuata mzigo wa ugonjwa badala ya kufuata kelele. Somo hilo lilipatikana katika udongo wetu wenyewe, na sijui kwa nini tulisahau tulipofika kwenye magonjwa ya mama zao.

Nini kifanyike

Kwanza, kambi za madaktari bingwa wa Mama Samia, ambazo tangu mwaka 2024 zinafika hadi hospitali za halmashauri, zipewe jukumu la pili. Zisipasue wagonjwa na kuondoka tu. Kila kambi iache angalau daktari mmoja wa wilaya aliyesimamiwa akiondoa kizazi kwa njia ya uke, na bingwa huyohuyo arudi kumkagua. Mafunzo ya siku chache hayatoshi, lakini ziara kumi zenye mpangilio zinaweza kumjenga mtu.

Pili, kila operesheni ya matundu madogo nchini iingizwe katika rejista ya taifa, na mgonjwa afuatiliwe kwa simu baada ya mwezi, mwaka, na miaka mitano ikiwa alikuwa na saratani. Marekani iligundua madhara baada ya miaka kwa sababu haikuhesabu mapema. Sisi ndio kwanza tunaanza, tuna nafasi ya kuhesabu tangu mgonjwa wa kwanza.

Tatu, mitambo isinunuliwe bila mkataba wa matengenezo, vipuri na mafunzo. Perry na Malkin walionyesha mwaka 2011 kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi zenye uwezo mdogo vilikuwa havifanyi kazi. Mtambo ufike kwanza hospitali ya rufaa ya mkoa yenye wataalamu wa usingizi na umeme wa uhakika, kisha ushuke.

Nne, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itekelezwe kwa kulipia matokeo na safari, si mtambo. Kitita kikilipa zaidi kwa kamera kuliko kwa njia ya uke, hospitali zitachagua kamera hata pasipo na haja. Na nauli ya mgonjwa wa delta ni sehemu ya tiba yake.

Tano, ridhaa itolewe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Nawaomba wanaharakati wafundishe maswali manne katika vikundi vya vikoba na madrasa za akina mama: Je, kuna njia nyingine ya kunitibu? Wewe mwenyewe umewafanyia wangapi? Uvimbe wangu mtautoa mzima au mtausaga? Na nitarudi kazini lini? Daktari mzuri hatakasirika kuulizwa.

Vikao vya bajeti za halmashauri vinakuja. Diwani, mganga mkuu wa wilaya na mtumishi wa mipango wataketi na karatasi zao, na pengine kutakuwa na ombi la mtambo wenye jina la kuvutia. Wasilikatae kwa sababu ni ghali, wala wasilikubali kwa sababu ni la kisasa. Waulize kwanza ni wasichana wangapi wa wilaya wamekosa sindano, ni wanawake wangapi wanaishi na kizazi kilichoshuka, ni nani atakayewapasua, na boti ya Salale ina mafuta au haina. Majibu ya maswali hayo yakishaandikwa, ndipo tuzungumze juu ya matundu.